Mjomba Hataki Kuandikwa Namba

*Mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia, Mtwara, anajibu barua zenu*

BARUA YA KWANZA

Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha Newala, nina miaka 26. Mwezi uliopita kibanda umiza cha hapa kwetu kilionyesha filamu ya Kimarekani iliyotafsiriwa Kiswahili. Inasema kuna serikali moja ya dunia inayoundwa kwa siri, na mlango wake ni Umoja wa Mataifa. Mipaka ya nchi itafutwa, fedha itakuwa moja, na kila mtu atapewa namba. Ukishaipokea namba, shamba lako si lako tena. Mwishoni mtafsiri anasema hata gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, imekwisha kuandikwa kwenye karatasi za watu hao.

Mjomba wangu ameiona mara mbili. Tangu siku hiyo amekataa kuandikishwa kwenye daftari la wakulima wa korosho, na asiyemo kwenye daftari hapati salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho. Shamba la ukoo lina mikorosho 210 na msimu wa kupuliza ndio huu unaingia. Kumpinga siwezi, ndiye aliyenilea. Na kusema kweli, mimi mwenyewe sina uhakika kwamba amekosea. Nimempa dereva memori kadi yenye hiyo filamu. Naomba uitazame.

*Mpwa, Newala*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Memori kadi imefika, imefungwa kwenye kipande cha gazeti kama ulivyoifunga. Nimeitazama filamu yote mara moja bila kusimama, kisha mara ya pili nikiwa na daftari na visikizi masikioni. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umenihuzunisha. Mikorosho 210 ikiliwa na ugonjwa wa ubwiriunga kwa ajili ya filamu, hiyo ni ada ya watoto na chakula cha Januari vimepotea.

Nianze na nilichokiona. Ni filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana. Mzungu mmoja amekaa mezani, nyuma yake bendera, pembeni makabrati ya faili. Helikopta nyeusi inapita juu ya msitu. Baada ya robo saa inapita tena. Ikipita mara ya tatu inaruka kutoka upande wa pili, na ukisimamisha picha utaona maandishi ya mkiani yamegeuka, yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Ni helikopta ile ile moja, wameigeuza picha ili zionekane nyingi. Umaskini wa filamu si kosa, nimeona filamu za fedha kidogo zilizosema kweli tupu. Lakini mtu anayegeuza picha ili helikopta moja iwe kundi, nikimkuta ameshika waraka mkononi namwomba anipe niusome mwenyewe.

Waraka haonyeshi. Anaupeperusha mbele ya kamera na kuuweka chini.

Sasa sikiliza jambo ambalo visikizi vimenisaidia kulipata. Chini ya sauti ya mtafsiri, sauti ya yule Mzungu bado ipo, ndogo. Kuanzia dakika ya 51 mtafsiri anataja Msimbati, Mnazi Bay, Madimba. Nikasikiliza chini yake. Mzungu anasema Canada. Anasema Mexico. Anasema Texas. Hakuna mahali hata pamoja anapoitaja Tanzania, wala Afrika. Mtwara imeingizwa na mtafsiri, kibandani kwake, ili filamu iwaguse watu wa huku. Mjomba wako hakudanganywa na Wamarekani. Amedanganywa na mtu mwenye kipaza sauti ambaye pengine hajawahi kuvuka Rufiji.

Na hayo ya Canada na Mexico yana asili yake, si vizuri nikayafuta kwa mkono mmoja. Machi 23, 2005, mjini Waco, Texas, Rais George W. Bush wa Marekani, Waziri Mkuu Paul Martin wa Canada na Rais Vicente Fox wa Mexico walitangaza ushirikiano wa usalama na uchumi kati ya nchi zao. Haukuwa mkataba wa kupelekwa bungeni ukapigiwa kura. Yalikuwa makubaliano ya viongozi, na kazi ikafanywa na maofisa na makundi yao ya kazi. Hapo ndipo shaka ilipopata mlango. Raia wakauliza, kama ni jambo jema mbona hatukuulizwa? Swali hilo lilikuwa halali kabisa. Lakini badala ya kulidai jibu, wapo waliolijibu wenyewe kwa kubuni: nchi tatu zinaunganishwa, dola inakufa, inakuja sarafu iitwayo amero. Jina la amero lilitoka kwenye andiko la mwaka 1999 la mchumi wa Canada, Herbert Grubel, ambalo lilikuwa pendekezo la msomi, na hakuna serikali iliyolichukua. Zile sarafu za amero unazoziona filamuni zimewekwa kwenye kiganja karibu na kamera zilitengenezwa na msanii mmoja wa Colorado anayechora na kupiga sarafu zake mwenyewe za kuuzia wakusanyaji. Ushirikiano wenyewe ulifungwa Agosti 2009. Dola ipo na mpaka wa Mexico upo. Filamu ilitabiri, na muda wa utabiri wake umepita.

Hayo mweleze mjomba ukipenda, ila sidhani kama ndiyo yatakayomfikia. Nadhani hofu yake haikuanzia kibandani.

Mwulize, kwa adabu, jioni akiwa amekaa, babu yake alifanya kazi wapi ujanani. Wamakonde, Wayao na Wamwera wengi wa kizazi kile walikwenda mashamba ya mkonge Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba. Jina hilo limetokana na namba waliyopewa walipoandikishwa. Mtu aliondoka Newala ana jina la baba yake na la ukoo wa mama yake, akifika huko anaitwa kwa tarakimu. Alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku, na siku isiyotiwa alama kwenye kipande haikulipwa. Kwa hiyo mzee wa Kimakonde akisikia kwamba ukipokea namba umekwisha, hasikii jambo geni. Anasikia sauti ya marehemu wake. Nikiwa darasani niliwahi kuwauliza wanafunzi neno manamba limetoka wapi, na kijana mmoja wa Kitangari akanyamaza kidogo kisha akasema, "Babu yangu alikuwa 4." Yaani namba yake iliishia na 4, ndivyo walivyomwita nyumbani hadi anazikwa. Sijaisahau sauti ya yule mtoto.

Ndiyo maana nakuomba usimwambie mjomba kwamba hofu yake ni ujinga. Ukisema hivyo utakuwa umemtukana yeye na waliomtangulia. Mwambie ana haki ya kuogopa kuandikwa. Kinachobaki ni kuangalia hii ya leo ni karatasi gani.

Maana sisi wa Kusini tumeporwa kweli, na nataka uangalie tuliporwa kwa njia ipi. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi wetu mabegani na vichwani hadi bandarini Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa leo kwenye jumba la makumbusho Berlin na watu wanakata tiketi kumwona. Halikuwa jambo la siri: kulikuwa na posho, orodha, masanduku yenye lebo. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga, na Nachingwea ikafyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka huku hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baadaye reli ikang'olewa. Ulitangazwa bungeni London, mchana kweupe. Hata Mjerumani Carl Peters mwaka 1884, alipozunguka bara akiwatia machifu kwenye mikataba, alikwenda na karatasi mkononi. Shida ni kwamba karatasi ilikuwa kwa Kijerumani.

Tulipoteza kwa karatasi ambazo hatukusomewa. Filamu inamwonyesha mjomba helikopta, na akiwa ameinua macho angani, karatasi inapita mezani.

Nilikuwepo hapa mwaka 2013. Januari watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi yetu Dar es Salaam, "gesi haitoki" ikaandikwa ukutani na kwenye kanga za kichwani. Tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa Dodoma, mji ukawaka. Niliishi Magomeni ya hapa Mtwara wakati ule. Nililala sakafuni na watoto wawili wa jirani, tumefunga madirisha, na moshi wa matairi bado uliingia chini ya mlango. Watu walipoteza maisha. Siku zile niliulizwa na wazazi wa wanafunzi wangu maswali ambayo nisingeweza kuyajibu, kwa sababu mikataba haikuwa wazi kwa mtu wa kawaida. Mmoja aliniambia bomba litapita chini ya bahari hadi China. Nilimwambia si kweli, akaniuliza, "Umeona karatasi?" Nilikuwa sijaiona. Sikuwa na la kumjibu mama yule, na iliniuma.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Linakwenda Dar es Salaam, na kilichotoka China ni mkopo wa Benki ya Exim ya nchi hiyo. Mkopo ni deni, na deni si kuuza ardhi. Ila deni lina masharti, na masharti yanasomwa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji inayohusu madini, mafuta na gesi, na mwaka 2017 zikaja sheria mbili nyingine: moja inasema utajiri wa asili ni mali ya Watanzania daima, nyingine inaliruhusu Bunge kutaka masharti ya dhuluma kwenye mikataba yajadiliwe upya. Wazee wangu wa Msimbati, sheria hizi ni zenu, muulizeni mbunge wenu ametumia ipi.

Turudi kwenye salfa. Jirani yangu ana shamba Nanguruwe na amenionyesha fomu yake ya kuandikishwa kwenye daftari la wakulima. Imeandika jina, kijiji, idadi ya mikorosho, ukubwa wa shamba, namba ya simu, chama cha msingi. Imejaa upande mmoja wa karatasi. Haina mstari unaohamisha umiliki wa kitu chochote. Ya kwenu inaweza kuwa na mpangilio mwingine, kwa hiyo usimsomee mjomba ya Nanguruwe. Nenda AMCOS yenu, yaani chama cha msingi cha wakulima, omba fomu tupu, irudishe nyumbani, msomee neno kwa neno, polepole, mbele ya shangazi na mama yako. Akitaka isomwe mara ya pili, isome. Akiuliza kwa nini wanataka idadi ya mikorosho, mwambie ukweli: ndiyo inayopiga hesabu ya mifuko ya salfa. Kisha mpe fomu aishike yeye.

Na akisema ardhi ya ukoo isiandikwe kwa jina lake peke yake, hapo msikilize sana. Hilo si la filamu, ni busara. Muulize katibu wa chama kama shamba la ukoo linaweza kuandikwa hivyo lilivyo, na jibu liwekwe kwa maandishi.

Bado akikataa, usimvunje. Mwombe idhini uandikishe ile mikorosho aliyokugawia wewe, angalau ipulizwe. Ubwiriunga ukishika maua hausubiri watu wakubaliane. Asije mtu wa kangomba, mlanguzi wa korosho, Oktoba akamkuta hana kitu, akamnunulia kwa kibaba hicho kidogo alichovuna. Huyo mwenye kangomba ndiye anayemchukulia mali mjomba wako kila mwaka, na hana helikopta.

BARUA YA PILI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Lindi. Na sisi tumeiona filamu hiyo. Je, ni kweli Umoja wa Mataifa una jeshi lake na unaweza kuingia nchi yoyote na kuitawala?

*Mwanafunzi, Lindi*

JIBU

Marahaba, binti yangu. Swali lako zuri, na lina kweli nusu ambayo ni lazima nikupe pia.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Askari wa kofia za bluu wanatolewa na nchi wanachama, nasi ni miongoni mwao. Mwaka 2013 ilipoundwa brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, ilikuwa ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki, tulipoteza askari wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Wale wanaoonyeshwa filamuni kama wavamizi wasio na uso ni kaka zetu, na wengine makaburi yao tunayajua.

Mkataba wa Umoja huo, kifungu cha 2 ibara ya 7, unaukataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Kuna pengo moja: Baraza la Usalama linaweza kuamua hatua za nguvu pale amani ya dunia inapovunjwa. Na kwenye Baraza hilo nchi tano, Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China, kila moja peke yake inaweza kuzuia uamuzi kwa kura ya turufu. Hiyo si haki, Afrika imeilalamikia miaka mingi, na mimi nalalamika nayo. Lakini angalia inavyofanya kazi: Marekani ni moja ya hao watano. Filamu inawatisha Wamarekani kwa chombo ambacho nchi yao inaweza kukizuia kwa mkono mmoja ulioinuliwa.

Kwa historia yetu sisi, jambo ni kinyume kabisa cha filamu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikiendeshwa na Uingereza. Machi 7, 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, akadai nchi hii ni ya Waafrika na ipelekwe kwenye kujitawala. Alikwenda kudai mamlaka yetu kwenye jengo lile lile ambalo filamu inasema ndilo linaloyanyonya. Tuliingia Umoja huo Desemba 14, 1961, siku chache baada ya uhuru. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Desemba 14, 1962, Baraza Kuu likapitisha azimio namba 1803: kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya maliasili zake. Ukiona maneno "mamlaka ya kudumu" kwenye jina la sheria yetu ya 2017, ujue yametoka huko.

Liandike azimio hilo kwenye daftari lako. Mtihani ukikuuliza juu ya Umoja wa Mataifa na ukombozi wa Afrika, anza na tarehe hizo mbili.

BARUA YA TATU

Mwalimu, mimi ndiye mwenye kibanda kilichoonyesha filamu hiyo. Vijana wameniambia umeandikiwa barua. Watu wanakuja kuiona hadi sasa na mimi nategemea kiingilio. Niifute?

*Mwenye kibanda, Newala*

JIBU

Asante kwa kuniandikia mwenyewe. Usiifute, watu wazima wana haki ya kutazama wanachotaka na wewe una familia. Ila nakuomba mambo mawili, na nakuomba kwa moyo wote.

La kwanza, kabla ya kuwasha, simama mbele ya pazia uwaambie kwamba hii ni filamu ya Marekani inayohusu Marekani, Canada na Mexico, na maneno ya Mtwara yametiwa na mtafsiri. Sentensi moja inatosha.

La pili, dakika ya 51 mtafsiri anavuta pumzi baada ya kutaja Mnazi Bay. Kwa sekunde mbili hivi sauti ya Mzungu inabaki peke yake. Simamisha jenereta isipige kelele ikiwa una betri, punguza besi, rudisha nyuma, uwasikilizishe. Neno ni moja tu na halihitaji kujua Kiingereza. Mjomba wa yule kijana akiwa amekaa benchi la mbele, mrudishie mara tatu.